Dada wa Chai wa Jarida la Gemu

Kitabu kiko mezani kwangu, na kila nikikipita natamani kukifunika kwa kawa. Ni kitabu cha historia ya jarida letu la gemu, kimechapwa vizuri, karatasi zinang'aa, bado kina harufu ya gundi. Katikati kuna picha yetu wanne tumesimama mbele ya duka la mabati pale Visiga, na chini yake maandishi madogo yanaeleza nani ni nani. Mwanzilishi na mhariri mkuu. Mpiga picha. Msambazaji. Halafu mimi, wa kwanza kushoto, nimeshika chupa ya chai kwa mikono miwili kama niliyekabidhiwa mtoto mchanga. Mimi nimeelezwa hivi: dada aliyekuwa akituandalia chai.

Sikatai, chai nilikuwa naandaa. Niliiweka tangawizi na mchaichai, na kikombe cha mhariri nilikitia sukari kidogo kwa sababu alikuwa anaogopa kitambi, ambacho hata hivyo amekipata. Ninachokataa ni hilo la kwamba niliandaa chai peke yake. Zaidi ya nusu ya jarida lile niliandika mimi, na ile safu iliyowafanya watu wa Mwanza na Songea wawe wanalisubiri niliiandika peke yangu, toka toleo la kwanza mpaka la mwisho. Nataka hilo lijulikane, basi. Sitaki kitu kingine.

Jarida lilizaliwa kwenye chumba cha nyuma cha duka hilo la mabati, kando ya barabara ya Morogoro. Mhariri alikuwa kijana wa kutoka bara ambaye baba yake alihamishiwa Kibaha kikazi. Alikuwa na maneno mengi na mipango mingi zaidi. Yeye ndiye aliyesema kwamba nchi nzima inacheza gemu na hakuna anayeandika hata mstari mmoja kwa Kiswahili. Hilo nampa, ni lake. Siku hizo kila mtaa ulikuwa na kibanda cha gemu chenye luninga mbili tatu na mabenchi, na vijana walicheza mpira tu kwa sababu gemu za hadithi ziliwashinda. Maelezo yote yalikuwa ya Kiingereza au Kijapani, mtu akishakwama amekwama. Mhariri akasema sisi tutawakwamua, na kwenye jalada la kwanza akaandika kwa herufi kubwa kwamba hili ni jarida la taifa. Taifa lenyewe lilikuwa watu wanne na luninga moja ya kichogo.

Watu wa Dar walitucheka kwamba jarida la taifa linatoka Visiga. Lakini mabasi yote ya bara yalikuwa lazima yapite mbele yetu, na hiyo ndiyo ilikuwa posta yetu. Msambazaji alikuwa anasimama Maili Moja na vifurushi vimefungwa kwa kamba ya katani, anawabembeleza makondakta mmoja mmoja, na jioni yake mtu wa Dodoma alikuwa anasoma. Picha ndizo zilizotutesa. Tulikuwa tunaziba dirisha kwa blanketi, mpiga picha anapiga kioo cha luninga kwa kamera yake, na kila picha ilitoka na mstari mweusi umekatiza katikati. Msomaji mmoja wa Tabora alituandikia kuuliza ule mstari mweusi ni adui wa aina gani, mbona yeye hajakutana naye.

Kuhusu chai, naomba nieleze ilivyoanza, maana hakuna aliyeniambia niipike. Siku ya pili kazini nilikuta jiko la mafuta ya taa pembeni na sufuria juu yake, na kwetu mimi ni binti wa kwanza. Mkono ulikwenda wenyewe. Kufika wiki ya pili mhariri alikuwa akiangalia saa tu, anasema, "Dada, vipi, leo hatunywi?" Nami niliona ni utani.

Halafu kulikuwa na mwandiko. Kompyuta hatukuwa nayo. Aliyetupangia kurasa alikuwa fundi mmoja wa Dar, na baada ya toleo la kwanza alirudisha makaratasi ya wenzangu akasema hayasomeki, kama hatuna mtu wa kuandika kama binadamu tusimpelekee kazi tena. Mimi nilisoma kwa masista, mwandiko wangu ulikuwa umenyooka. Kwa hiyo ikawa ndiyo desturi yetu kwamba kila kitu, kiwe cha mhariri, cha mpiga picha au changu, kwanza nakinakili mimi kwenye kauntabuku, lile daftari nene la jalada gumu, kisha kauntabuku linakwenda Dar. Jarida zima, kuanzia salamu za mhariri mpaka tangazo la mabati, lilipita kwenye mkono wangu. Nilijivuna sana. Nilikuwa mjinga.

La jina nalo lina kisa chake, na hapo wa kulaumiwa si mhariri. Baba yangu alikuwa karani serikalini, mtu wa kupiga pasi suruali hata ya kwendea sokoni. Kwenye kibanda cha gemu cha mtaani kwetu vijana walikuwa wanawekeana dau, anayefungwa analipa, kwa hiyo kwa baba gemu na kamari vilikuwa kitu kimoja. Aliposikia nimepata kazi ya kuandika alifurahi. Aliposikia ninaandika nini aliweka tonge chini.

"Sikukatazi kufanya kazi," aliniambia. "Wewe ni mtu mzima. Lakini jina lako lina jina langu nyuma yake. Nisije nikaliona jina langu kwenye makaratasi ya kamari."

Nikamwambia, "Sawa, baba. Hutaliona."

Kesho yake nikamwomba mhariri asiweke jina langu popote. Alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Akasema ni wazo zuri, hakuna atakayeweka jina, makala zote zitasainiwa Mpimaji, ili wasomaji wadhani tuna mtaalamu mmoja mkubwa anayejua gemu zote. Barua zikaanza kuja za Ndugu Mpimaji, Mheshimiwa Mpimaji, na moja ya Shikamoo Mpimaji. Wengi walimuuliza anaishi wapi na ana watoto wangapi. Nilikuwa nazijibu mimi, kwa mwandiko wangu uliotulia.

Sasa hiyo safu. Iliitwa Njia, na kazi yake ilikuwa kumwongoza mtu aliyekwama. Gemu iliyowakwamisha wengi wakati ule ilikuwa ya mtu aliyeamka kwenye mji mtupu, watu wote wametoweka, anatafuta pa kutokea. Niliicheza mchana, wenzangu wakiwa kwenye mizunguko yao, pedi mkononi na kauntabuku gotini. Nilipotaka kuandika, nilishindwa. Ukimwambia mtu nenda kulia halafu kushoto halafu kulia, atapotea, maana kwenye ile gemu kamera ilikuwa inageuka kila unapoingia kona, na kulia ya sasa hivi si kulia ya dakika iliyopita.

Nikamkumbuka bibi yangu, mzaa mama, wa Mzenga. Bibi hakuwahi kusema kulia wala kushoto maisha yake yote. Ukimuuliza njia alikuwa anakusimamisha, anakushika mabega, anakuambia ipe mgongo reli, tembea mpaka ufike kisimani, kisima nacho kipe mgongo, utaona nyumba yenye baraza tatu. Kwa bibi, njia ilikuwa ni kujua unachokiacha nyuma. Nilipotoka Visiga kwenda kumtembelea nikiwa mdogo sikupotea hata mara moja kwa maelekezo yake. Basi nikaandika hivyo hivyo, na nyumba na kisima cha mle gemuni nikavieleza kama vya Mzenga. Upe mgongo mlango uliotokea. Mnara upe mgongo, tembea mpaka kisimani. Kamera igeuke itakavyo, mlango haugeuki.

Barua zilizokuja baada ya hapo zilijaza boksi la sabuni. Watu waliokuwa wamekwama miezi walivuka. Vijana wa vibanda wakaanza kuambiana hivyo hata mitaani, upe mgongo msikiti, lipe mgongo soko. Nilisikia kondakta wa basi la Morogoro akimwelekeza abiria namna hiyo na nikacheka peke yangu mpaka watu wakanitazama.

Toleo la mwisho hatukujua ni la mwisho. Ndani yake nilikuwa nimeandika sehemu ngumu kuliko zote, kutoka kisimani mpaka nje ya mji. Ukifika kwenye nyumba ya baraza tatu usiingie mlango wa mbele, zunguka nyuma, kuna jiko limejitenga na nyumba kama majiko ya kwetu, na tundu la kutokea limo humo nyuma ya mafiga. Nilitafuta lile tundu siku nne. Kauntabuku likaenda Dar, jarida likatoka, nikafungua, nikakuta maelezo yangu yameishia kwenye "usiingie mlango wa mbele." Chini yake kulikuwa na tangazo la mabati. Mwenye duka alitaka tangazo lake liwe kubwa zaidi, na ile ilikuwa nyumba yake tuliyokaa bure. Mhariri akaniambia, "Usimaindi, dada, tutamalizia toleo lijalo."

Toleo lijalo halikuja. Simu zilishaingia, mtu akikwama anatazama video dakika mbili amevuka, nani anunue jarida. Makondakta wakaanza kurudisha vifurushi havijafunguliwa. Mpiga picha alikwenda kwenye picha za harusi, msambazaji akahamia kwenye vipuri vya pikipiki, mhariri akapata kazi Dar na koti. Nakala zilizobaki nilizipeleka Mzenga kwa mama mdogo, mwaka huo watoto wa shule pale wote wakafunika madaftari yao kwa kurasa zake za mazimwi na magari ya mbio. Kauntabuku zangu nilizifungia kwenye sanduku la bati la bibi, kwa sababu nyumbani kwa baba hazikuwa na pa kukaa. Nikapata kazi ya ofisini hapa Kibaha. Nikaanza kusahau.

Mwaka huu, mhariri akanipigia. Sauti ileile, haraka ileile.

"Dada! Upo? Nimeandika kitabu, historia yetu nzima. Tunakizindua hapo hapo Kibaha. Sasa wewe nakutegemea upande wa chai na vitafunwa."

Nikamuuliza kama nimo kitabuni. Akasema nimo, tena kwa picha, na kwa furaha yake akanitumia kurasa kwenye simu. Nikasoma nimesimama jikoni. Kulikuwa na sura nzima juu ya safu ya Njia. Ilieleza jinsi mhariri, alfajiri moja, alivyopata wazo la kuelekeza watu kwa kuwaambia wanachokiacha nyuma. Aliliita falsafa. Alisema limetokana na maisha yake ya kuhamahama. Nikaendelea, nikakuta picha, nikakuta chupa ya chai.

Jumamosi nilikwenda Mzenga. Bibi hayupo siku nyingi, nyumba anaishi mama mdogo. Tulilitoa sanduku uvunguni, tukafuta vumbi, kauntabuku zimo zote, kingo zimeliwa kidogo na mende. Nilimsomea ile sehemu ya mwisho. Mama mdogo alikuwa anachambua kisamvu, akasimamisha mikono.

"We mwanangu, hayo si maneno ya mama? Na nyumba si hii hii? Hilo jiko si lile pale?"

Ndilo lilikuwa, nje, na mafiga yake. Hajui gemu ni nini, lakini alimjua mwandishi kabla sijamaliza ukurasa. Niliondoka pale nina nguvu za kubomoa ukuta.

Nikamfuata mhariri kwake siku ileile, nikamwekea kauntabuku mezani, nikazifungua kwenye Njia. Nilimwambia, tena bila kuzunguka, kwamba safu ile ni yangu na anajua ni yangu. Alizifunua kwa heshima, anatabasamu kama mtu aliyeonyeshwa picha za utotoni.

"Dah, dada, umezitunza! Mwandiko wako ulikuwa hatari. Nakumbuka ulivyokuwa unatunakilia kila kitu."

"Hii sikunakili. Niliandika."

Akafunua kurasa za mwanzo, akanionyesha salamu zake za toleo la kwanza. "Na hii? Si mwandiko wako? Hii nayo uliandika wewe?"

Salamu zilikuwa zake na mwandiko ulikuwa wangu. Nilimtaja mama mdogo, nikataja nyumba ya Mzenga, jiko, kisima. Akasema kwa upole kwamba inawezekana nilimsimulia habari za bibi wakati wa chai na yeye akazitumia, na kwamba kila mtu alichangia kwa namna yake. Halafu akasema vitabu vimeshatoka kiwandani. Ningeona anadanganya ningemtukana, nikalala vizuri. Lakini hakuwa anadanganya. Alikuwa amelisimulia jambo hilo mara nyingi mpaka likawa lake, na mimi sikuwahi kulisimulia kwa mtu hata mmoja.

Mtaniuliza kwa nini nilikwenda kwenye uzinduzi, tena na machupa ya chai. Nilishakubali kabla sijasoma, na sikutaka waseme nimesusa. Ukumbi ulijaa. Walikuja wanaume wa miaka thelathini na arobaini, walimu, mafundi, mmoja na sare za benki, wote waliwahi kukaa kwenye mabenchi ya vibanda. Baba naye alikuja, na fimbo yake na suruali iliyonyooka, kwa sababu kitabu kinahusu Kibaha na yeye ni mtu wa Kibaha. Alikaa mstari wa pili. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, karibu na meza ya vitumbua.

Kipindi cha maswali akasimama mwalimu mmoja aliyetoka Iringa. Alisema alikuwa mpenzi wa Njia, na akaanza kuisema kwa moyo, kituo kwa kituo, neno kwa neno. Upe mgongo mnara, tembea mpaka kisimani. Watu wengine wakawa wanaitikia. Maneno ya bibi yangu yalijaa ukumbi wa Kibaha, mimi nikiwa nimeshika birika. Alipofika kwenye nyumba ya baraza tatu akaishia hapo.

"Sasa Mpimaji," alimwambia mhariri, "uliandika usiingie mlango wa mbele, halafu likaja tangazo la mabati. Toleo lililofuata sikuliona. Mimi pale sikuvuka. Mashine iliharibika, gemu yenyewe siku hizi siipati hata mtandaoni. Naomba leo uniambie, ulitaka tupite wapi?"

Watu wakacheka, wakamgeukia mhariri. Mhariri naye akacheka. Akasema enhe, swali zuri sana hilo. Akanywa maji. Akasema gemu nzuri inamwachia mchezaji nafasi ya kutafuta mwenyewe. Nilimwona anatazama karatasi zake, na humo hamkuwa na kitu, maana ile sehemu ilibaki kwenye kauntabuku tu, na kauntabuku lilikuwa sandukuni Mzenga miaka yote, na siku nilipomwekea mezani hakufika ukurasa huo. Mtu mmoja tu mle ndani alikuwa anajua.

"Zunguka nyuma," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Kuna jiko limejitenga na nyumba. Ingia humo, upe mgongo mlango, tundu liko nyuma ya mafiga. Niliandika mimi. Ilikatwa."

Vichwa vyote viligeuka. Mwalimu alifungua mdomo. Ningepewa dakika moja tu ningeeleza yote, tangu reli mpaka sanduku. Lakini mhariri alikuwa na maikrofoni.

"Mnaona!" alisema, uso umemjaa furaha ya kuokolewa. "Jarida letu lilikuwa shule. Hata dada yetu wa chai alitoka amehitimu! Mpigieni makofi!"

Wakanipigia. Walinipigia kwa moyo mweupe kabisa, na mwalimu wa Iringa alipiga kuliko wote. Baadaye alikuja mezani kwangu na kitabu chake kimeshasainiwa Mpimaji, akaniomba nimwongezee sukari, akaniambia nina bahati kuwa nilifanya kazi na watu wale.

Niliporudi nyumbani kwa baba jioni nilimkuta barazani, miwani puani, kitabu magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Njoo ukae." Alikuwa amefungua kwenye picha. Aliigonga kwa kidole. "Nimekuona. Nashukuru. Miaka yote nilikuwa na wasiwasi nawe, watu walikuwa wananiambia binti yako anacheza yale magemu. Kumbe ulikuwa unawapikia chai tu."

Niliona nikinyamaza hapo nitanyamaza mpaka kaburini. Nikamwambia. Nilimwambia yote, safu, Mpimaji, maneno ya bibi, kauntabuku, na kwamba ukumbini nilisema niliandika mimi na nilikuwa sisemi kwa mzaha. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akachukua kitabu, akarudi mwanzo, akaanza kufunua ukurasa mmoja baada ya mwingine, kidole kikishuka taratibu juu ya majina kama alivyokuwa akikagua orodha ofisini. Alifika mwisho. Akavua miwani.

"Sasa mwanangu, kama ni wewe uliyeandika," aliniuliza, "mbona jina lako halimo?"

Nilimtazama usoni nione kama anakumbuka siku ile alipoweka tonge chini. Hakuwa anakumbuka chochote. Alikuwa ananisubiri nijibu, na kikombe chake kilikuwa kimeisha, nikakichukua nikaingia ndani kumwongezea chai.